Mkono wa Msimu

Mara ya kwanza Sanaullah alipofunua sufuria la shaba kwa mkono mtupu, jiko zima lilimshangilia. Sufuria lenyewe lilikuwa limekaa juu ya moto wa magogo tangu alfajiri, na ule mfuniko ungeweza kuoka mkate. Aliushika, akauinua, akachungulia mchuzi bila haraka, akaurudisha mahali pake. Vijana wa kuponda nyama waliacha nyundo zao hewani.

"Huyo ndiye Mkuu!" alipiga kelele mmoja wao. "Sisi tuna mikono, mwenzetu ana koleo!"

"Koleo lenyewe la kiwandani," akadakia mwingine. "Hatuna haja ya kununua vitambaa tena."

Sanaullah akajitia hamnazo, akawaambia waponde nyama waache kuponda domo. Lakini moyoni alivimba. Baba yake, aliyekuwa mpishi mkuu wa harusi kabla yake hapo Wazapora, mtaa wa wapishi mjini Srinagar, hakuwahi kuinua mfuniko kama ule bila kitambaa. Siku nzima alitembea kati ya masufuria kifua mbele, na kila alipopata nafasi alifunua jingine.

Jioni, nyumbani, mkewe Mukhta alimmiminia maji anawe. Maji yalipopita kwenye viganja, mkewe akaliweka birika chini.

"Umeungua wewe."

"Wapi?" aliuliza Sanaullah.

Malengelenge yalikuwa yamejaa vidole vitatu, na moja lilikwisha kupasuka. Aliyatazama kama anayeonyeshwa mikono ya jirani. Mukhta akampaka samli, akamfunga kitambaa, akamwambia kwamba mtu mzima anayecheza na moto mbele ya watoto hana tofauti na watoto.

"Ni mkono wa msimu tu," alisema Sanaullah.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye jina hilo. Kila mpishi wa Wazapora anaujua mkono wa msimu. Harusi zikipamba moto tangu mwisho wa kiangazi mpaka majani ya miti ya chinari yadondoke, nyundo na moshi na maji baridi ya alfajiri huifanya mikono iwe mizito, vidole vikafa ganzi, mtu akashika kikombe na kukiona kama kimevikwa soksi. Hakuna anayeupeleka mkono huo hospitali. Wanautambia. Mpishi asiye na mkono wa msimu wanamuuliza kama mwaka huo alikuwa likizo. Theluji ikianguka wanakaa ndani, wanakunywa chai ya chumvi, vidole vinarudi vyenyewe kufika majira ya maua. Sasa mtu atajuaje kwamba safari hii mkono wa msimu si mkono wa msimu? Sanaullah alijua amekomaa katika ufundi mpaka moto unamheshimu. Wenzake nao walijua hivyohivyo.

Shida ilikuwa kwamba kazi yake haikuwa kuinua mifuniko. Kuinua mifuniko kunawezwa na yeyote mwenye kitambaa. Kazi ya mpishi mkuu ni kupitisha nyama ya goshtaba. Hilo ni tonge kubwa la kondoo aliyepondwa, linachemshwa katika mchuzi wa mtindi, nalo huja mwisho kabisa wa karamu. Likiwa bado halijaja hakuna mgeni anayenyanyuka, na likija likiwa bovu, vyote vilivyotangulia vimekula hasara. Nyama yake hupondwa juu ya jiwe kwa nyundo za mti wa jozi mpaka iwe laini kama ulimi wa mtoto. Vijana wanaponda, wanachambua kano kwa vidole, wanaponda tena. Kisha mpishi mkuu anakaa kwenye kigoda chake, anamega nyama kidogo, anaisugua kati ya dole gumba na vidole viwili, macho kayafumba. Akisema "Imekubali," nyama inaviringwa, inachemshwa. Asiposema, bwana harusi anaweza kufika mlangoni na ngoma zake na goshtaba haitakaribia maji.

Sanaullah alilirithi neno hilo kwa baba yake, na watu walimlipa kwa ajili ya neno hilo tu. Msimu ule aliisugua nyama akahisi pamba. Akasugua tena, pamba. Aliangalia rangi, akasikiliza jinsi nyundo zilivyobadilika mlio juu ya jiwe, akasema, "Imekubali." Haikumtisha. Alijiambia kwamba mtu mzoefu hahitaji vidole, kazi iko kichwani.

Ikawa hivyo msimu ule na uliofuata, mpaka harusi ya nyumba ya mfanyabiashara wa zafarani. Wageni walikaa chini wanne wanne kuzunguka masinia ya shaba, wakala vizuri, goshtaba ikafika. Katika sinia la wazee, mzee mmoja akatafuna, akatafuna, akaacha, akaingiza vidole mdomoni mbele ya watu na kuvuta ukano mrefu kama uzi wa kushonea viatu. Akaulaza ukingoni mwa sinia. Wenzake watatu nao wakayatazama matonge yao, wasiyaguse tena.

Mwenye harusi alikuja jikoni mwenyewe. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilikuwa na makali.

"Mkuu, usijali sana," alisema. "Mjomba wangu ana meno mabovu. Amesumbuka kidogo."

Alipoondoka, Sanaullah aliwageukia vijana, akawashushua mpaka wengine wakatamani ardhi ipasuke. Nani alichambua? Mnadhani kondoo hana kano? Mnataka nikapike vibandani barabarani? Ramzan, mdogo wake wa tumbo moja, aliyesimamia waponda nyama, aliweka nyundo chini.

"Ni mimi, Kaka. Kosa langu."

"Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilipitiwa."

Sanaullah alimwacha hivyohivyo, amebeba aibu mbele ya watoto aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Wala hakujiuliza kwa nini ukano mrefu kiasi kile ulipita katikati ya vidole vyake na yeye akasema imekubali.

Baridi ilikuja, na baridi ilimficha vizuri. Katika theluji kila mtu anatembea kama bata, basi nani angeona kwamba Sanaullah anatembea kama bata hata sebuleni? Chini ya joho la sufu kila mtu amekumbatia chungu cha makaa, basi nani angeona kwamba vidole vyake havifungi? Kikombe kilimponyoka, akasema kimeloa. Ufunguo ukakataa kuingia kwenye kufuli, akalitukana kufuli. Jambo la kufunga vifungo vya shati ndilo lililomshinda kusingizia. Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo na kifungo kimoja kwa muda mrefu sana, mpaka Mukhta akaja, akamfunga vyote, toka chini hadi juu, kama alivyokuwa akimfunga binti yao Rubiya zamani za shule. Tangu siku hiyo ikawa ndio kawaida. Hawakulizungumza.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hakumwambia hata Mukhta. Haja ndogo ilimjia ghafla, na mara mbili alichelewa. Na kila alipoinamisha kichwa wakati wa kurukuu, kitu kama umeme kilitoka shingoni kikashuka mgongoni mpaka nyayoni, halafu kikatoweka. Hakikuuma hasa. Alianza kuswali kwenye kiti, akasingizia magoti. Shingo yenyewe haikumuuma, ilikakamaa tu kidogo asubuhi, na mtu aliyeiinamia nyama tangu utotoni hawezi kushangaa shingo ikikakamaa.

Majira ya maua yalifika, milozi ikachanua, vidole havikurudi. Watu wengine wa Wazapora walishaanza kukunjua ngumi zao na kutaniana. Sanaullah alikaa dirishani akawasikiliza. Alitarajia kuogopa. Hakuogopa, na huko kutoogopa ndiko kulikomchosha, maana alikaa tu hapo na chai yake ikapoa.

"Unaburuta mguu," Mukhta alimwambia. "Nakusikia kwenye ngazi. Mguu wa kulia unagonga kila kipandio."

"Ngazi zenyewe zimechakaa."

"Ngazi zimechakaa kwako peke yako?"

Siku chache baadaye alianguka kwenye ngazi hizohizo. Hakuvunjika, ila alishindwa kunyanyuka. Miguu ilikuwepo, aliiona, lakini ilisikia amri kwa kuchelewa kama mtumishi aliyekasirika. Dada yake Mukhta akashauri aitwe mvuta viungo, bingwa, aliyewahi kumnyoosha mtu aliyepinda. Mvuta viungo akaja na mafuta yake, akaishika shingo kwa mikono miwili. Ramzan, aliyekuwa amekuja kumnyanyua kaka yake, akamshika mkono yule bwana.

"Shingo hii haivutwi."

"Mimi nimevuta shingo ngapi, kijana?"

"Vuta zilizobaki. Hii niachie."

Akamlipa nauli, akamtoa nje, kesho yake akampakia kaka yake kwenye gari na kumpeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Nighat Drabu, mtu wa sauti ya chini asiyependa maneno mengi. Alimwambia Sanaullah akunje na kukunjua ngumi haraka awezavyo. Ngumi zilikunjuka polepole, kidole cha mwisho kikabaki nyuma kama mtoto mvivu. Alimwambia atembee kwa mstari, kisigino mbele ya vidole. Sanaullah akapiga hatua, akayumba, Ramzan akamdaka. Daktari akaushika mkono wake, akaupiga kwa kidole ukucha wa kidole cha kati, na dole gumba likaruka lenyewe bila kuagizwa. Sanaullah aliliangalia. Mkono uliokataa kufunga kifungo ulikuwa unacheza kwa ajili ya mgeni.

"Imeanza lini hii, mzee?" aliuliza daktari.

"Majira haya ya baridi, daktari. Ni baridi tu, na msimu ulikuwa mzito. Sisi wapishi tuna..."

"Si kweli," alisema Ramzan nyuma yake.

Sanaullah akataka kugeuza kichwa, shingo ikamkatalia.

"Daktari, ni misimu miwili sasa," Ramzan aliendelea, akiiangalia sakafu. "Huu uliopita na ule wa kabla yake."

"Wewe umejuaje?" Sanaullah aliuliza.

"Kaka, tuyaache hapa."

"Nimekuuliza umejuaje."

"Nimekuwa nikiipitia nyama baada yako. Ukishasema imekubali ukaondoka kwenda kwenye mchele, mimi naipitia upya. Natoa kano. Siku ile ya harusi ya zafarani nilichelewa, mwenye nyumba aliniita nje kuhusu kuni. Siku hiyo moja tu ndiyo sikuipitia."

Daktari aliandika. Sanaullah alikaa akingoja hasira. Alijua ni lazima ije, na alikuwa na haki nayo, mdogo wake kumfanya mwanasesere misimu miwili mbele ya jiko lake. Alikumbuka goshtaba zilizosifiwa, mabibi waliomtumia salamu, na yule mzee mmoja aliyesema mkono wa Sanaullah umezidi wa baba yake. Huo haukuwa mkono wa Sanaullah. Alingoja, hasira haikuja, haya haikuja, ikawa ni kama kule kusugua pamba.

"Na mbele ya vijana ukasema kosa lako," alisema mwishowe.

"Ungetaka niseme nini?"

Wakampeleka kwenye mashine ya picha, ile unayolala ndani yake kama kwenye handaki na inakugongea masikio. Daktari akamwonyesha picha ya shingo yake ukutani. Pingili zilikuwa zimechakaa, visahani laini vya katikati yake vimefura na kutokeza nyuma, na mfupa umeota mahali ambapo hapakuwa na haja ya mfupa. Katikati ulipita uzi wa neva unaopeleka habari za mwili mzima, mnene na mweupe, ila mahali pawili ulikuwa umebinywa ukawa mwembamba. Hapo penye kubinywa palikuwa na doa.

"Si mikono iliyougua," alisema daktari Nighat. "Mikono haina kosa, na miguu haina kosa. Njia ya habari imezibwa hapa shingoni. Ndiyo sababu hakuna kinachokuuma, na ndiyo sababu watu wanachelewa kuja."

"Ukinipasua, vidole vitarudi?"

Hilo ndilo swali pekee alilokuja nalo, na wote watatu walijua.

"Nikikupasua nitatoa kinachobana. Nitaizuia isiendelee, maana ikiendelea utaishia kitandani. Miguu huwa inapata nafuu. Vidole siwezi kukuahidi. Kitakachorudi, mshukuru Mungu. Kisichorudi ndani ya mwaka, usikingoje sana."

"Mimi natambua nyama kwa vidole hivi, daktari. Sina kazi nyingine."

"Nimekuelewa," alisema daktari, na hakuongeza la kumfariji.

Walimpasua kwa mbele, kooni, kwenye mkunjo wa ngozi. Alipozinduka alidhani amekabwa. Sauti ilikuwa imepotea, ikabaki pumzi yenye mchanga, na shingo ilikuwa imefungwa kola ngumu iliyomlazimisha kuutazama ukuta. Kumeza mate kulikuwa kazi ya kupangia. Yeye aliyelisha maelfu ya watu alilishwa wali wa maziwa uliochemshwa mpaka ukawa uji, kwa kijiko cha chai.

"Meza polepole," alisema Mukhta. "Hakuna anayekunyang'anya."

"Umekosa chumvi," Sanaullah alisema kwa kukwaruza.

"Alhamdulillahi, amerudi," Mukhta akasema, halafu akageukia dirishani akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Ramzan alikuja kila alipoweza, ananuka moshi. Harusi za kiangazi zilikuwa zimeanza. Alikaa pembeni ya kitanda akasimulia nani kaoa na nani kanuna, ni kijana gani kaunguza vitunguu.

"Nani anapitisha nyama?" Sanaullah aliuliza kwa ile pumzi yake.

"Tunajisaidia saidia tu mpaka urudi."

"Nani anakaa kwenye kigoda?"

"Hakuna anayekaa. Kigoda kipo."

Sanaullah akafumba macho. Kama angeweza kufurahi, angefurahi hapo. Alimwomba ampe maji.

Miguu ilirudi kwanza, kama daktari alivyosema. Kwanza korido la hospitali akishikiliwa, kisha uani kwake, kisha kandokando ya mto mpaka daraja la pili, na kola yake shingoni, watoto wakimwita twiga. Mguu ukaacha kugonga vipandio. Umeme mgongoni ulitoweka, na kukimbilia chooni kukapungua. Sauti nayo ilirudi, nusu. Kabla, sauti ya Sanaullah ilivuka ua zima ikamkuta kijana amejificha nyuma ya kuni. Hii mpya ilifika mita chache ikachoka.

Kwa ajili ya vidole, hospitali walimpa mazoezi, na Mukhta akaongeza ya kwake. Alichanganya maharage na njegere kavu kwenye sinia, akamfunga macho kwa kitambaa, akamwambia atenganishe. Kila asubuhi Sanaullah alikaa na sinia lile magotini. Nguvu ilirudi, aliweza kukamata na hata kubana. Alifunga vifungo vya shati akiviangalia, polepole, akifinya macho kama fundi saa. Lakini macho yakifungwa, harage na njegere vilikuwa kitu kimoja. Dole gumba lilianza kupata habari, kwa mbali, kama redio ya jirani. Vidole viwili vya pembeni yake vilikaa kimya.

"Hapa nimeweka ngapi sawa?" Sanaullah alimuuliza Mukhta siku moja.

"Nyingi."

"Mukhta."

"Nusu," alisema Mukhta. "Nusu kwa nusu, Baba Rubiya. Kama aliyekisia."

Daktari Nighat aliitazama picha mpya, akaridhika. Uzi ulikuwa umejaa tena, umepata pumzi. Doa lilikuwepo palepale.

"Umekaa ukibanwa muda mrefu," alisema. "Ungekuja ule msimu wa kwanza, pengine ningekuwa na habari nyingine."

Msimu wa kwanza. Ndio ule wa mifuniko, wa kuitwa koleo. Njiani kurudi nyumbani Sanaullah aliliwaza hilo mara moja tu, halafu akaliacha, akahesabu miti ya barabarani mpaka alipochoka.

Vuli ikaingia, harusi ya kwanza kubwa ikaangukia nyumba ya wauza mbao, watu waliokuwa wateja wa baba yake. Ramzan akaja mwenyewe kumchukua. Mukhta alimtolea mumewe shati jeupe, akakaa kando kumwangalia akilifunga. Lilichukua muda, hakumsaidia.

"Kama hutaki kwenda, usiende," alisema.

"Kigoda kinaningoja."

"Kigoda ni ubao, Baba Rubiya. Hakimngoji mtu."

Alikwenda. Jiko lilikuwa limechimbwa bustanini, mfereji mrefu wa moto, masufuria yamepangwa juu yake kwa mstari. Vijana walisimama alipofika. Mmoja alitaka kutania, akaliona kovu shingoni, akaumeza utani wake. Sanaullah alizunguka, akaonja mchuzi mwekundu, akasema unataka moto mdogo, wakapunguza moto. Akaangalia mchele. Kwa muda mfupi ilikuwa kama hakuna kilichotokea, naye alienda kwa miguu yake mwenyewe kutoka sufuria hadi sufuria.

Kisha nyundo zikanyamaza. Kigoda kilikuwa mahali pake, karibu na jiwe, safi. Sanaullah akakaa. Ramzan akachuchumaa mbele yake na bakuli la nyama, akainama kama anayemrekebishia shati, akasema kwa sauti ya kumfikia yeye tu:

"Sema tu, Kaka. Ukishasema nitaipitia, kama zamani. Hakuna atakayejua."

Sanaullah akamega nyama. Akafumba macho. Akaisugua kati ya dole gumba na vidole viwili, na mwaka mzima ukawa hapo: kola, maharage, wali wa kijiko. Dole gumba lilimwambia kuna kitu. Vidole havikumwambia chochote. Alisugua tena, polepole zaidi, akangoja kama anayepiga hodi kwenye nyumba anayoijua. Vijana walikuwa wamebana pumzi. Wengine walishainama kuchukua mabakuli ya kuviringia, maana walilijua neno litakalofuata, hawakuwahi kusikia jingine.

"Sijui," alisema Sanaullah.

Hakuna aliyeelewa. Pengine walidhani ni ile sauti yake mbovu.

"Kaka," Ramzan alinong'ona. "Nakuomba."

"Sijui, Ramzan. Sihisi kitu." Safari hii alilisema wote wasikie, kadiri sauti ilivyoweza kubeba. Akaushika mkono wa mdogo wake, akaukunjua, akaiweka ile nyama kiganjani. "Wewe unasemaje?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Ramzan, wala hakuyafuta, mkono mmoja ulikuwa na bakuli na mwingine na nyama. Alitazama vijana, akamtazama kaka yake. Ingekuwa rahisi kusema imekubali, na heshima ya kila mtu ingesalimika. Akaisugua. Akafumba macho, akasugua tena, uso ukamtulia kama uso wa mtu anayesikiliza.

"Bado," alisema. "Kuna kano."

Vijana hawakusogea. Macho yao yote yalikuwa kwenye kigoda, yakingoja Sanaullah akubali au akatae.

"Mnanitazama mimi kwa nini?" alisema Sanaullah. "Si mmemsikia Mkuu?"

Nyundo ya kwanza ikashuka juu ya jiwe, ya pili ikafuata, kisha zote. Sanaullah alinyanyuka kwenye kigoda mwenyewe, bila kushikwa, akampisha mdogo wake akae. Hapo ndipo kilipomuuma kifua. Kilimuuma sana, chote kwa mpigo, maumivu ya mwaka mzima na ya misimu miwili kabla yake, na haya, na kumpenda Ramzan, na hakujua aanzie wapi. Alisimama kando ya moto akalia mbele ya watu mpaka kilipopungua. Kisha akapandisha mikono ya shati, akaenda kuosha mchele.